Moja Hadi Tano

Dodoso lilikuwa la kurasa nne, karatasi laini ya kuchanika,
na swali la saba ndilo lililonipeleka Kaptembwo Jumanne ile,
viatu vimeshika tope la mtaro:
*Unaziogopa kiasi gani taka zenye mionzi?*
Moja, siogopi kabisa. Tano, naogopa mno.
Zungushia namba. Usimsaidie mhojiwa.

Nyaguthii alikuwa akipepea makaa chini ya mahindi.
"Zina harufu?"
Hazina.
"Moshi je?"
Hapana.
"Na zinakaa muda gani?"
Nikamsomea kama ilivyoandikwa: nyingine, maelfu ya miaka.
Akacheka, na meno yake yakaonekana,
kahawia ya visima vyetu, kahawia ya meno yangu,
ambayo hakuna aliyewahi kuiletea dodoso.
"Basi weka tatu. Mbili za mionzi,
moja ya wewe kusimama hapa bila kununua."
Nikanunua. Nikazungushia tatu.

Wafubwa, wa vyuma chakavu, alifunga lango kwanza.
Aliwahi kuletewa kopo la risasi, fupi,
zito kuliko mtoto wa darasa la tatu,
lina alama ya manjano na mapanga matatu meusi.
"Nikadhani ni kipuri cha pangaboi."
Ulilikata?
Akaitazama mizani yake kwa muda.
"Risasi ina bei, dada. Na usiku ule
nilichokuwa nakiogopa ni mwenye nyumba.
Lakini mkono ulikataa, sijui kwa nini.
Nikamrudishia kijana aliyelileta.
Hajaonekana tena."
Leo ni tano, akasema. Siku ile, sifuri.
Karatasi yangu haikuwa na sifuri.

Kipkurgat, mwanafunzi, alitaka moja
na akataka nijue kwa nini ni moja:
moshi wa jalala la Gioto, akasema, na barabara ya Eldoret,
vinazika watu kila wiki na hakuna anayeandamana;
watu hawajui hesabu.
Akawasha pikipiki, akaondoka,
kofia ya chuma ikimning'inia kiwikoni.

Kule Mwariki, Jebiwott alinionyesha kwa kidole
nyumba yake: paa, na mwari mmoja juu ya paa.
Ziwa lilipoanza kuja waliambiwa litarudi.
Hakuniuliza habari za mionzi.
"Mkishazizika, nani atashika ufunguo?"
Sijui, mama.
"Akifa?"
Kimya.
"Akihamishwa? Akinunuliwa?"
Nikayaandika yote pambizoni, kwa mwandiko mdogo,
nikijua mashine ya kunakili hukata pambizo.

Jioni ujumbe ukaingia kutoka ofisini:
*Majibu hayalingani na hatari halisi. Wananchi wanahitaji elimu.*
Nikaandika: sawa.
Nikafuta. Nikaandika tena: sawa.

Ilibaki fomu moja tupu.
Nikaandika umri wangu, mtaa wangu, dini ya mama yangu.
Mwaka ule wa saratani alikwenda kwenye mionzi
Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano,
na kila alipotoka aliigeukia ile mashine
akaiambia asante, kama mtu aliyepewa lifti.
Ilimpa miaka miwili. Fulana saba za wajukuu, za kufuma.
Ndani yake, daktari alisema, kuna kipande cha metali
kisichozidi kidole gumba, nacho huchoka,
siku moja hutolewa kikawekwa kingine.
Kile kilichochoka kilipelekwa wapi?
Sikuuliza. Mvua ilikuwa inakuja
na nilitaka kumfikisha mama nyumbani hajalowa.

Nilikaa na kalamu juu ya swali la saba
mpaka bomba likakohoa, zamu yetu ya maji, saa tano usiku.
Nikaamka kukinga ndoo.
Kikombe cha kwanza nikanywa pale pale, nimesimama,
maji safi kwa macho, baridi,
na ulimi ukapita juu ya meno, bila kutumwa.